Sanduku la Waterloo Ambalo Halikufika Waterloo

Makala yangu ya kwanza kuchapishwa katika jarida la kitaaluma ilikuwa na kosa, na kosa lenyewe halikuwa la herufi wala la tarehe iliyoteleza. Hoja nzima ilikuwa imeketi juu ya sanduku la vifaa vya upasuaji ambalo sikulisoma sawasawa. Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu wanafunzi wanaotaka kuingia katika historia ya teknolojia ya tiba huniuliza kazi yetu ni ipi hasa, nami sina jibu lililo wazi kuliko sanduku hilo. Jumba la makumbusho linalolihifadhi sitalitaja, wala chuo nilichokuwa nikifanyia kazi wakati huo.

Ni sanduku la mbao za mahogani, pembe zake zimevishwa shaba, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ukifungua kifuniko unakutana na mahameli nyekundu iliyochakaa, na ndani ya mahameli kila kifaa kina kitanda chake, yaani shimo lililochongwa kwa umbo lake. Kuna msumeno mkubwa wa mfupa wa paja na mdogo wa mifupa ya vidole. Kuna visu vitatu virefu vilivyonyooka, na cha nne chembamba chenye makali pande zote mbili, cha kupitishwa kati ya mifupa miwili iliyo chini ya goti. Kuna koleo la kukatia mfupa, makoleo mawili ya kubana mshipa wa damu, kekee ya kutobolea fuvu, sindano na uzi wa hariri. Mipini karibu yote ni ya mpingo uliochongwa mistari ya kukingamana ili mkono wenye damu usiteleze. Kitanda kimoja ni kitupu. Kwa umbo lake kilikuwa cha kibanio cha skrubu, kile cha kukazia mkanda juu ya kidonda ili damu isimwagike, ambacho Jean-Louis Petit alikibuni Paris mnamo 1718. Juu ya kifuniko kuna kibati cha shaba chenye herufi tatu za jina na nambari ya kikosi cha jeshi. Na katika faili la makumbusho kulikuwa na kadi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa zamani: sanduku la daktari wa jeshi, lilitumika Waterloo, 1815, zawadi ya wajukuu wake.

Mtu aliyezama katika upasuaji wa kabla ya nusukaputi hawezi kusoma maneno hayo akatulia. Vita vya Waterloo, ambavyo Napoleon wa Ufaransa alishindwa, vilipiganwa tarehe 18 Juni 1815, miaka 31 kabla ya William Morton kumvutisha mgonjwa etha, dawa ya kumlaza asisikie maumivu, mbele ya madaktari wa Boston, tarehe 16 Oktoba 1846. Majeruhi wa Waterloo walikatwa miguu na mikono wakiwa macho. Msumeno uliomkata mguu Lord Uxbridge, kamanda wa wapanda farasi wa Uingereza, umehifadhiwa hadi leo National Army Museum, London. Charles Bell, daktari mpasuaji na mchoraji, alivuka bahari kwenda Brussels baada ya vita akawapasua majeruhi, na michoro yake ya wanaume wale bado ni vigumu kuitazama kwa muda mrefu. Upande wa Ufaransa alikuwepo Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, ambaye katika vita vya Borodino, Urusi, mwaka 1812 alikata viungo vipatavyo 200 kwa saa 24. Kasi ndiyo iliyokuwa rehema pekee aliyoweza kupewa mgonjwa. Nami nilikuwa na sanduku zima kutoka siku ile, au ndivyo nilivyoamini.

Hoja yangu ilikuwa hivi: mpangilio wa vifaa ndani ya sanduku unafuata mpangilio wa kazi ya mikono. Kisu kirefu kiko karibu na mkono wa kulia, msumeno nyuma yake, koleo la mshipa mbele, uzi pembeni. Nikasema kwamba sanduku ni kama maagizo yasiyoandikwa, na kwamba kwa kulisoma tunaweza kurudia hatua kwa hatua namna kiungo kilivyokatwa mwaka 1815. Wahakiki wawili wa jarida waliisifu. Mmoja aliomba nifafanue sentensi mbili. Hakuna aliyeuliza kuhusu vifaa vyenyewe, na sasa ninaelewa kwa nini: wote wawili, kwa jinsi maoni yao yalivyoandikwa, walikuwa wanahistoria wa maandishi, waliolelewa kama nilivyolelewa mimi, kwenye nyaraka.

Hapa ndipo uchambuzi unapoanza, kwa sababu kosa halikuwa la kukosa ushahidi. Ushahidi niliuona. Nilipewa dakika 40 na sanduku, mhifadhi akiwa amesimama pembeni, na katika daftari langu la siku ile nimeandika kwa mkono wangu kwamba koleo la kukatia mfupa ni la muundo wa Liston. Robert Liston alizaliwa Oktoba 1794. Siku ya Waterloo alikuwa kijana wa miaka 20 anayejifunza kazi. Vifaa vinavyobeba jina lake vilikuja baadaye, alipokuwa mpasuaji mashuhuri mwenye wanafunzi na mafundi wa kumtengenezea. Nilijua hayo yote. Nikaandika pembeni: "limeongezwa baadaye." Kisha nikaona kwamba koleo moja la kubana mshipa lina pete za kuingizia vidole na meno ya kujifunga kwenye mikono yake, umbo lililoenea miaka ya 1860 na 1870 wakati Eugène Koeberlé wa Strasbourg, Jules Péan wa Paris na Thomas Spencer Wells wa London walipokuwa kila mmoja akidai heshima ya kulibuni. Nikaandika tena: "nalo limeongezwa baadaye."

Sitaki kulipita jambo hili haraka. Kila maelezo, peke yake, yalikuwa ya haki. Madaktari waliongeza vifaa kwenye masanduku yao, na mwanahistoria asiyekubali hilo hataweza kusoma sanduku lolote. Kosa lilikuwa kuyapokea maelezo moja moja bila kuyakusanya pamoja. Kila kifaa kilichokataa kusimama mwaka 1815 nilikitoa nje ya hesabu, na vilivyobaki vikaonekana kukubaliana na kadi, kwa kuwa nilikuwa nimeviacha hivyo tu. Visu vile vitatu vilivyonyooka, kwa mfano. Karne ya 18 ilipenda kisu kilichopinda kama mundu, cha kuzungusha nyama ya paja kwa mkato mmoja. Kisu kirefu kilichonyooka, cha kuchoma ndani na kutoa vipande vya nyama vya kufunikia kidonda, ndicho kilichotawala baadaye. Vyote vitatu vilikuwa vya aina hii ya pili. Havikuthibitisha kitu peke yao, lakini vilikuwa sauti ya tatu iliyosema jambo lile lile, na sikuihesabu.

Miaka miwili ilipita. Makumbusho yaliandaa maonyesho yakaniomba niandike maelezo ya sanduku, na kwa mara ya kwanza niliruhusiwa kukaa nalo siku nzima katika chumba cha ukarabati. Fundi mhifadhi alikuwa mama mmoja aliyekaribia kustaafu, aliyekuwa ameanza kazi kwenye samani kabla ya kuhamia vifaa vya tiba. Hakuwa amesoma makala yangu. Alitoa trei ya juu, akaigeuza, akawasha taa ya pembeni inayolaza mwanga, akaanza kunionyesha.

"Mwanangu, hebu tazama kisu hiki. Hakikai kitandani mwake."

Kisu cha tatu kilicheza ndani ya mahameli. Kitanda kilikuwa kipana kuliko ubao wa kisu kwa karibu upana wa kidole kidogo. Nikasema labda kisu si cha sanduku hili.

"Ni chake. Urefu ni ule ule, kishingo cha mpini kinakaa barabara. Kimeliwa na noleo. Hiki kimenolewa miaka mingi sana."

Kisha akachukua bisibisi ndogo akafungua skrubu moja ya kile kibati cha shaba, akaiweka kwenye kiganja changu. Ncha yake ilikuwa kali. Sikujua maana yake. Yeye alijua, kutokana na kazi ya samani. Skrubu za mbao za zamani zilikuwa butu, fundi akalazimika kutoboa tundu kwanza. Zenye ncha, zinazojitafutia njia zenyewe ndani ya mbao, zilienea katikati ya karne ya 19 mashine zilipoweza kuzichonga kwa wingi. Kwa hiyo kibati kilichobeba nambari ya kikosi kiligongewa hapo si chini ya kizazi kimoja baada ya Waterloo. Hapakuwa na tundu la skrubu ya zamani chini yake.

"Mama," nilimwuliza, "kwa nini mpini huu una nyufa na ule hauna?"

Hilo ndilo swali ambalo ningepaswa kuliuliza katika dakika 40 za mwanzo, na kwa maoni yangu ndilo swali zuri kuliko yote niliyowahi kuuliza kazini. Mipini ya visu viwili na ya msumeno mkubwa ilikuwa imepasuka kwa urefu, ufa ukifuata nyuzi za mti. Kwenye shingo za visu hivyo hivyo kulikuwa na matone meusi yaliyoganda. Mpini wa kekee ya fuvu, wa mpingo ule ule na kazi ya mkono ule ule, ulikuwa mzima na unang'aa. Mama akakwaruza tone moja taratibu kwa ncha ya kijiti.

"Ulimbo. Mafundi walikuwa wakishikiza mkia wa kisu ndani ya mpini kwa ulimbo wa moto. Umeyeyuka ukatoka. Hivi vimetiwa kwenye maji yanayochemka, na si mara moja."

Inafaa kueleza kwa nini sentensi hiyo ilinifanya nikae chini. Joseph Lister alichapisha mwaka 1867 namna yake ya kukinga vidonda visioze kwa asidi ya kaboliki, na ilichukua miaka mingi kabla madaktari wengi kumwamini. Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur, mtafiti wa vijidudu, alitengeneza mwaka 1879 chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu. Huko Berlin, katika kliniki ya Ernst von Bergmann, msaidizi wake Curt Schimmelbusch alifundisha kuchemsha vifaa vya chuma katika maji yenye magadi, kwa kuwa magadi yanasaidia chuma kisipate kutu. Tangu hapo vifaa vya upasuaji vikabadilika sura: mipini ya mpingo, ya pembe za ndovu na ya mifupa ikaachwa, kila kitu kikawa chuma kitupu kutoka ncha hadi kitako, kikapakwa nikeli. Historia ya kawaida inayasimulia mabadiliko hayo kama mlango: huku zama za usaha, kule zama za usafi, na vifaa vya zamani vikatupwa. Sanduku lililokuwa mbele yetu lilikuwa limesimama juu ya kizingiti. Mtu fulani aliamini mafundisho mapya kiasi cha kuchemsha visu vilivyotengenezwa kabla ya mafundisho hayo kuwepo, akaona mipini ikipasuka, akachemsha tena. Vifaa hivi vilikuwa ghali, na daktari asiye wa hospitali kubwa hakuweza kununua seti mpya kila elimu ilipobadilika. Kekee ya fuvu hakuichemsha kwa sababu hakuitumia. Koleo lenye pete lilikuwa limepakwa nikeli, na kipimo cha miale ya eksirei, kisichohitaji kukwaruza chuma, kilithibitisha hivyo wiki iliyofuata. Kile nilichokiita "limeongezwa baadaye" kilikuwa ndicho kifaa pekee alichoweza kununua kipya.

Anwani ya mtengenezaji iliyochapwa kwenye ubao wa msumeno ilimaliza mabishano. Watengenezaji wa vifaa vya upasuaji walichapa jina na mtaa, na orodha za biashara za miji mikubwa zinaonyesha nani alikuwa mtaa gani mwaka gani. Mtengenezaji huyu alikuwa amehamia kwenye anwani hiyo miaka zaidi ya 20 baada ya Waterloo. Kazi ya kuifuatilia ilinichukua alasiri mbili maktabani. Alasiri mbili ambazo ningeweza kuzitoa kabla ya kuandika neno la kwanza la makala.

Kuhusu kadi ya makumbusho, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haikudanganya kwa makusudi. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha kwamba daktari mwenye herufi zile alikuwepo kweli katika kikosi kile mwaka 1815, daktari msaidizi kijana. Mwanawe naye alikuwa daktari, na herufi za majina yao zilikuwa zile zile. Sanduku, kwa ushahidi wote wa chuma na mbao, ni la mwana. Kibati kiliwekwa kumkumbuka baba. Wajukuu walipolitoa kama zawadi, wazee wawili walikuwa wamekwisha kuwa mtu mmoja katika masimulizi ya nyumbani. Wasomaji waliosoma elimu ya hadithi za Mtume wataelewa haraka: maneno yalikuwa mazuri, lakini sikuuliza isnadi, yaani nani amepokea kutoka kwa nani, na kati ya tukio na kadi kulikuwa na watu wangapi. Kati ya Waterloo na kadi ile kulikuwa na vizazi vitatu na mtumishi wa makumbusho aliyeandika alichoambiwa.

Vifaa vya aina nyingine havina shida hii. Nyumba ya Mpasuaji kule Pompeii ilifukuliwa kuanzia 1770, na vifaa vilivyotoka humo vina tarehe ambayo hakuna awezaye kuibisha: volkano ilivifunika mwaka 79. Sanduku la kinyozi mpasuaji lililotolewa kwenye mabaki ya meli ya Mary Rose lilizama tarehe 19 Julai 1545, siku moja, mbele ya macho ya mfalme. Bahari ilikula chuma ikaacha mipini ya mbao, lakini tarehe haikuweza kuila. Hivyo ni vifaa vilivyokatizwa. Vingi tunavyofanyia kazi havikukatizwa. Vimenolewa, vimeazimwa, vimerithiwa, vimeuzwa mnadani, vimesafishwa na watu wenye nia njema waliopangusa kila doa. Henry Wellcome, tajiri wa dawa aliyefariki mwaka 1936, alinunua kupitia mawakala wake vitu vingi mno kiasi kwamba vingine vilikaa ndani ya makasha miaka na miaka bila kufunguliwa, na sehemu kubwa ya mkusanyo wake wa tiba iko sasa chini ya Science Museum, London. Mwanafunzi anayefungua kasha la namna hiyo anapokea kitu chenye maisha marefu, na swali la "kilitengenezwa lini" ni moja tu kati ya mengi. Mimi nilitaka kisu kiniambie siku moja ya Juni. Kilikuwa na miaka 50 ya kusimulia.

Sasa sehemu ambayo wanafunzi huniuliza zaidi, ile ya ajira. Nilikuwa kwenye mkataba wa miaka miwili baada ya tasnifu, umebaki miezi saba, na ombi langu la kazi ya kudumu ya uhadhiri lilikuwa mezani pa kamati ya chuo kingine. Makala ile ndiyo iliyokuwa nguzo ya ombi. Nilikwenda kwa profesa aliyenisimamia tasnifu, mtu ninayemheshimu mpaka leo, nikamweleza yote.

"Utasahihisha, hilo halina mjadala," alisema. "Lakini subiri usaili upite. Sanduku halitakimbia."

"Profesa, wakiniuliza kuhusu makala hiyo kwenye usaili nitajibu nini?"

Alinyamaza, kisha akasema, "Basi andika leo."

Nimelifikiria shauri lake la kwanza kwa miaka, na siwezi kulilaumu. Kazi katika uwanja wetu ni chache. Idara za historia hutuona watu wa makumbusho, makumbusho hutuona watu wa chuo, na vitivo vya tiba hutualika tutoe mhadhara mmoja wa kupendeza kwa mwaka. Kamati za kupandisha vyeo huhesabu makala na vitabu. Katalogi ya vifaa 300 iliyomchukua mtu miaka sita huhesabiwa mara nyingi kama huduma, si utafiti. Kijana katika hali hiyo akishauriwa kusubiri, anashauriwa na mtu anayempenda. Lakini kulikuwa na jambo ambalo shauri lile halikuligusa. Watu watano walikuwa wamekwisha kuinukuu makala yangu, na mmoja wao alikuwa akimalizia kitabu. Kila mwezi wa kusubiri ulikuwa mwezi wa kosa langu kuingia katika kazi za watu wengine, chini ya majina yao.

Nilimwandikia mhariri wa jarida usiku ule. Sahihisho lilichapishwa katika toleo lililofuata, aya nne, likitaja skrubu, ulimbo, anwani na koleo, na likisema wazi kwamba hoja ya makala haisimami kwa mwaka 1815. Niliomba jina la fundi mhifadhi liwekwe pamoja na langu. Mhariri alisita, kwa sababu fundi hakuwa mwandishi wa makala ya awali, nilishikilia, akakubali. Niliwaandikia wote watano. Wanne walijibu. Kitabu cha yule mmoja kilikuwa kimekwisha kwenda kiwandani, na sentensi yake kuhusu sanduku la Waterloo ingali inasomwa.

Kwenye usaili niliulizwa. Mjumbe mmoja alisema kwa upole kwamba ni jambo la nadra kumsaili mtu aliyeivunja makala yake mwenyewe mwezi ule ule. Nilieleza nilichoeleza hapa, kwa kifupi zaidi. Kazi ile sikuipata, na aliyeipata aliistahili. Nilikaa mwaka mmoja na nusu nikifundisha kwa saa, nikaandika makala ya pili juu ya sanduku lile lile, safari hii kuhusu mpingo uliochemshwa. Ili kuiandika nilitafuta masanduku mengine ya katikati ya karne ya 19 katika hifadhi nne, nikakuta ulimbo uliotoka kwenye vifaa vya saba kati yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba daktari wetu hakuwa peke yake, na kwamba kulikuwa na kizazi kizima cha wapasuaji waliotumia vifaa vya zama moja kwa imani ya zama nyingine. Makala hiyo ndiyo iliyonipatia kazi niliyo nayo.

Kwa mbinu, nimebadilisha mambo machache, na nayataja kwa wanaohitaji. Siandiki tena juu ya kifaa nilichokiona kupitia kioo au picha tu. Nikipewa dakika 40, ninazitumia zote upande wa chini: chini ya trei, nyuma ya kibati, ndani ya bawaba, mahali ambapo hakuna aliyesafisha. Ninaandika safu mbili daftarini, moja ya vinavyokubaliana na kadi na nyingine ya vinavyoikataa, na siruhusu neno "baadaye" kuingia mpaka safu zote mbili zimejaa. Nilikwenda pia kukaa wiki mbili na fundi wa visu, nikajifunza kunoa, kwa sababu nilikuwa nimesoma kurasa elfu kadhaa kuhusu makali bila kujua makali yanapotea wapi kwanza. Yanapotea karibu na ncha. Kisu cha tatu kimeliwa zaidi karibu na kishingo, na hilo ni swali jingine, la namna mkono wa daktari yule ulivyokuwa ukivuta.

Jambo ambalo bado linanigusa ni kwamba kosa langu liliwaondoa watu chumbani. Nilipolishikamanisha sanduku na Waterloo nilimwona daktari mmoja kijana uwanjani, na majeruhi wake. Wale waliolala chini ya visu hivi kwa miaka 50 ya kazi yake, wengine wakiwa macho kabla ya 1846, wengine wakilazwa kwa etha, wengine wa mwisho wakiguswa na kisu kilichotoka kwenye maji ya moto kwa sababu mtu aliwajali kiasi hicho, sikuwaona kabisa. Majina yao hayamo popote. Alama pekee ya uangalizi waliopata ni nyufa katika mpingo.

Maonyesho yalifunguliwa kwa maelezo mapya, ingawa makumbusho hayakupenda kuliacha neno Waterloo, nami nawaelewa, kwa kuwa ndilo lililovuta wageni. Tulikubaliana litajwe katika sentensi ya mwisho, kama habari ya baba. Kisha mtu wa ofisi akataka kutupa kadi ya zamani ili isije ikampotosha mwingine. Mama alikataa kabla yangu. Kadi hiyo imo ndani ya bahasha isiyo na asidi, nyuma ya ile mpya, na imepewa nambari yake yenyewe katika daftari la mapokezi.